Njia mbili au njia moja? Foleni za intaneti zinavyofichua siri

Mabasi mawili huonekana kila siku yakiondoka Ilford, mashariki mwa London, kuelekea Stratford. La namba 25 huendelea hadi katikati ya jiji. La namba 86 hutokea Romford na huishia Stratford. Namba ni mbili na safari ni mbili, lakini kwa kilomita kadhaa barabara ni moja tu: Romford Road.

Barabara hiyo ikifungwa, abiria wa mabasi yote mawili hukwama. Aliyeshuka kwenye la 25 na kupanda la 86 kwa matumaini ya kuikwepa foleni huwa amebadilisha namba, hakubadilisha njia.

Jambo kama hilo hutokea kwenye intaneti, ila huko abiria haoni barabara. Data kutoka Mombasa na data kutoka Dar es Salaam huweza kuletwa na kampuni mbili tofauti hadi nyumba moja ya Ilford, na bado zikawa zimepita mlango mmoja njiani bila mpokeaji kujua.

Kwa zaidi ya miaka 20 wahandisi wamekuwa wakijiuliza: mtu aliye mwisho wa safari, asiye na ramani wala ruhusa ya kuchungulia mitambo ya kampuni za simu, atajuaje kama mitiririko miwili ya data inatumia njia moja?

Jibu walilolipata ni la kushangaza kwa wepesi wake. Foleni zenyewe husema, mradi apatikane wa kuzisikiliza.

Mazishi kwa njia ya simu

Swali hili laweza kuonekana la wataalamu peke yao. Lakini linawagusa watu wengi wa Afrika Mashariki wanaoishi mbali na kwao.

Ilford, ambayo tangu mwaka 1965 ni sehemu ya wilaya ya Redbridge ya jiji la London, ni mojawapo ya maeneo ya mji huo ambako familia zenye asili ya Kenya, Uganda na Tanzania zimefanya makazi. Kwa familia za Kiislamu za pwani, maiti huzikwa mapema iwezekanavyo, mara nyingi siku ile ile. Ndege ya London haiwahi.

Kwa hiyo mtoto aliye Ulaya humzika mzazi wake kwa macho tu, akitazama simu. Jamaa aliyesimama makaburini huinua simu yake juu, na sala na udongo na sauti za watu hufika Ilford kwa vipande vidogo vidogo vya data.

Tuchukue mfano wa familia yenye kujihadhari. Huko makaburini wameweka simu mbili, moja ya kampuni hii na nyingine ya kampuni ile, ili moja ikikatika nyingine iendelee. Ni busara. Lakini je, kuna njia mbili kweli, au kuna njia moja yenye majina mawili?

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Katika mtandao, mshika mbili huweza kuponyokwa na zote kwa dakika moja, ikiwa mbili hizo zilikuwa moja tangu mwanzo.

Data husafiri vipi?

Picha, sauti na maandishi yanayotumwa kwa intaneti hukatwa kwanza katika vifurushi vidogo viitwavyo pakiti. Kila pakiti hubeba anwani ya kule inakokwenda, na husafiri kivyake kutoka kituo kimoja hadi kingine. Vituo hivyo ni mashine zinazoitwa ruta, na kazi yake ni kusoma anwani na kuipeleka pakiti mbele.

Muda unaotumiwa na pakiti safarini una sehemu kuu mbili.

Sehemu ya kwanza ni umbali. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kati ya London na Mombasa pana zaidi kidogo ya kilomita 7,000 kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo pakiti haiwezi kufika chini ya milisekunde 35 hivi. Nyaya hazinyooki, na muda halisi ni mrefu zaidi. Lakini maadamu njia haijabadilika, sehemu hii haibadiliki.

Sehemu ya pili ni foleni. Ruta ikipokea pakiti nyingi kuliko inavyoweza kuzitoa, huziweka zisubiri. Ikijaa kabisa, huzitupa. Sehemu hii hubadilika kila wakati: foleni hurefuka, hufupika, hupotea na kurudi, pengine mara kadhaa katika sekunde moja.

Mabadiliko hayo ndiyo ushahidi. Kila foleni ina mwendo wake wa kupanda na kushuka, kama mtu alivyo na mwandiko wake. Mitiririko miwili ikifika na alama za mwandiko mmoja, yaelekea imepita mkono mmoja.

Kuuliza vituo majina

Kabla ya kusikiliza foleni, ipo njia nyingine ya zamani zaidi, nayo ni kuviuliza vituo majina yao.

Katika miaka ya 1980 Van Jacobson, mtafiti wa Marekani, aliandika programu iitwayo traceroute. Inatumia kanuni iliyomo ndani ya intaneti yenyewe: kila pakiti hubeba hesabu ya vituo inavyoruhusiwa kupita, na hesabu ikiisha, kituo ilipoishia huitupa pakiti na kumpelekea mtumaji taarifa.

Programu hiyo hutuma pakiti yenye ruhusa ya kituo kimoja, kisha viwili, kisha vitatu, na kuendelea. Kila taarifa inayorudi hutaja anwani ya kituo kilichofuata. Mwishowe hupatikana orodha. Mwenye orodha mbili huweza kuzilinganisha na kuona zinapokutana.

Njia hii ina faida, lakini ina upungufu. Baadhi ya ruta zimepangwa zisijibu. Pakiti huweza kwenda kwa njia moja na kurudi kwa nyingine. Na kubwa zaidi, orodha hutaja vituo tu. Haisemi lolote juu ya waya uliolazwa kati ya kituo na kituo, wala mtaro ambamo waya huo umepitishwa.

Somo la mabasi

Mwaka 2000 watafiti watatu, Dan Rubenstein, Jim Kurose na Don Towsley, walichapisha njia ya kutambua msongamano wa pamoja bila kuuliza ruta yoyote. Kinachohitajika ni kupima muda wa pakiti zinapofika. Wazo lao laweza kuelezwa kwa mabasi yale mawili ya Ilford.

Tuseme mtu amesimama Stratford na daftari mkononi. Anaandika kila basi limechelewa dakika ngapi. Linafika la 25, likiwa limechelewa dakika tisa. Dakika moja baadaye linafika la 86, nalo limechelewa dakika tisa. Dakika kumi baadaye linafika la 25 jingine, na hilo limechelewa dakika tatu tu.

Hapo mwenye daftari anagundua jambo. La 86 limefanana na la 25 lililotangulia mbele yake kuliko la 25 linavyofanana na la 25 mwenzake. Namba tofauti zimefanana. Namba moja imetofautiana.

Sababu ni wazi. Mabasi yaliyofuatana kwa dakika moja yaliikuta foleni ile ile ikiwa katika hali ile ile. La tatu lilipofika, foleni ilikuwa imekwisha kupungua. Kama la 86 lingekuwa limepita barabara nyingine, kuchelewa kwake kusingekuwa na uhusiano wowote na la 25 lililofika kabla yake.

Badilisha mabasi yawe pakiti, na dakika ziwe milisekunde, na kanuni ya watafiti hao imekamilika. Pakiti mbili za mitiririko tofauti zilizofika kwa kukaribiana zikifanana zaidi kuliko pakiti mbili za mtiririko mmoja zilizoachana kwa muda mrefu zaidi, mitiririko hiyo imepita foleni moja. Zisipofanana hivyo, foleni ni mbili.

Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba kinajilinganisha chenyewe. Hakihitaji mtu aamue kwa kubuni kwamba ufanano wa kiasi fulani unatosha. Mtiririko wenyewe ndio unaotoa kiwango cha kupimia.

Mtego wa saa za jioni

Kuna kosa ambalo ni rahisi kulifanya. Mtu huona kwamba laini zake mbili zote huwa nzito saa mbili usiku, akahitimisha kuwa zinapita mahali pamoja.

Hitimisho hilo halina msingi. Saa mbili usiku watu wengi wako nyumbani wakitazama filamu, Ilford na kwingineko. Barabara mbili zisizokutana popote huweza kujaa kwa saa moja, kwa sababu watu wote wanatoka kazini kwa saa moja.

Ndiyo maana wapimaji hawalinganishi saa na saa, wala dakika na dakika. Hulinganisha vipande vidogo vya sekunde. Msongamano wa jioni hupanda taratibu na kushuka taratibu, na huzipata njia zote. Lakini mtikisiko wa kipande cha sekunde, unaotokea kwenye mitiririko miwili kwa pamoja, ukatulia kwa pamoja, kisha ukarudi tena kwa pamoja, si rahisi kuwa ni bahati.

Ugumu mwingine ni saa zenyewe. Saa ya simu iliyoko Mombasa na ya kompyuta iliyoko Ilford huenda zisilingane. Kwa bahati njema hazilazimiki kulingana. Saa iliyo nyuma kwa sekunde tatu huongeza au hupunguza sekunde tatu zile zile katika kila kipimo, na kinachotafutwa ni mabadiliko kati ya kipimo na kipimo, si muda wenyewe.

Mwezi Juni mwaka 2018, IETF, jumuiya ya wahandisi inayoandaa kanuni za intaneti, ilitoa waraka namba 8382 unaoeleza njia ya aina hii kwa ajili ya mawasiliano ya sauti na video. Uliandikwa na David Hayes na wenzake watatu, na ulitolewa kama kanuni ya majaribio.

Katika njia hiyo mpokeaji hahifadhi kila kipimo. Hufupisha vipimo vya kila kipindi kifupi kuwa takwimu chache: kuchelewa kunaegemea upande gani, kunatawanyika kiasi gani, kunapanda na kushuka mara ngapi, na pakiti ngapi zimepotea. Mitiririko ambayo takwimu zake zinakaribiana huwekwa katika kundi moja, na kundi hilo huchukuliwa kuwa linapita mlango mmoja mwembamba.

Haki katika foleni

Kompyuta zina sababu zake za kutaka kujua haya, na sababu hiyo ina historia.

Mwezi Oktoba mwaka 1986 intaneti, iliyokuwa bado changa, ilikumbwa na msongamano mkubwa. Kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California kilicho jirani yake, umbali usiofika mita 400, kasi ilishuka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Van Jacobson, yule yule aliyekuja kuandika traceroute, alieleza mkasa huo na tiba yake katika makala ya mwaka 1988.

Tiba ilikuwa adabu. Kila mtumaji aanze polepole, aongeze kasi kidogo kidogo, na akiona pakiti zinapotea apunguze mara moja. Kwa adabu hiyo mitiririko iliyo katika foleni moja hugawana nafasi bila hakimu.

Lakini adabu hiyo huhesabu mitiririko, haihesabu watu. Mwenye mitiririko miwili hupata mafungu mawili. Kama mitiririko hiyo inapita milango miwili tofauti, hakuna aliyedhulumiwa. Kama inapita mlango mmoja, mwenye miwili amekula sehemu ya jirani yake mwenye mmoja.

Tatizo hili lilikuwa kubwa zaidi simu zilipoanza kutumia Wi-Fi na mtandao wa simu kwa wakati mmoja. Mwaka 2011 Costin Raiciu, Mark Handley na Damon Wischik walitoa kupitia IETF kanuni ya kuzifunga njia hizo pamoja, ili mtumiaji wa njia kadhaa asichukue mahali popote zaidi ya yule anayetumia njia moja. Wakati huo Handley alikuwa wa University College London, chuo kilicho safari fupi ya treni kutoka Ilford.

Kanuni hiyo ilichagua usalama: ilitenda kana kwamba njia zote huenda zikakutana. Hilo huwalinda majirani, lakini humnyima mtumiaji kasi pale ambapo njia zake hazikutani kabisa. Anayeweza kutambua kwa hakika kama mlango ni mmoja au ni miwili huweza kumtendea haki kila mmoja.

Kwa familia ile yenye simu mbili makaburini, maana yake ni hii. Ikiwa mitiririko yote miwili inabanana mahali pamoja, kutuma picha mbili kwa ubora wa juu kunaziharibu zote mbili. Heri kupunguza moja ili nyingine ipite. Ikiwa milango ni miwili, hakuna sababu ya kupunguza chochote.

Kampuni mbili, mtaro mmoja

Hadi hapa imezungumzwa foleni. Lakini kuna ushirika mwingine wa njia, nao ni wa waya wenyewe.

Nchini Uingereza mteja wa Ilford huweza kuchagua huduma ya BT, ya Sky au ya TalkTalk. Majina ni tofauti na ankara ni tofauti. Hata hivyo kampuni hizo tatu hutegemea kwa sehemu kubwa mtandao wa Openreach, kampuni iliyo chini ya BT Group, ambayo ndiyo yenye nguzo, mitaro na nyaya zinazoingia majumbani. Duka linalolipia huduma mbili kati ya hizo kwa ajili ya usalama huenda limenunua waya mbili zilizolala ndani ya bomba moja. Virgin Media, kwa upande wake, ilijengewa mtandao wake yenyewe.

Madhara ya ushirika wa aina hii yalionekana mjini Baltimore, Marekani, tarehe 18 Julai mwaka 2001. Treni ya mizigo iliacha reli na kushika moto ndani ya handaki lililo chini ya Howard Street. Handaki hilo lilikuwa limepitishiwa pia nyaya za mawasiliano za kampuni kadhaa. Moto mmoja wa treni ulivuruga intaneti ya wateja wa kampuni zilizoshindana sokoni lakini zilizolala pamoja chini ya ardhi.

Hakuna kipimo cha foleni ambacho kingegundua hatari hiyo siku moja kabla. Nyaya zenye nafasi tele hazina foleni, na pasipo foleni hakuna mwandiko wa kusoma.

Kwa hiyo maswali ni mawili. La kwanza: je, mitiririko hii inasubiri pamoja? Hilo hujibiwa na vipimo. La pili: je, itakatika pamoja? Hilo hujibiwa na ramani, na kwa wenye kuzijua ramani.

Mikongo ya Bahari ya Hindi

Afrika Mashariki imejifunza tofauti hiyo kwa gharama.

Hadi katikati ya mwaka 2009, Kenya, Tanzania na Uganda zilitegemea setilaiti kwa mawasiliano yake ya intaneti na dunia. Pakiti ilipaa karibu kilomita 36,000 angani na kushuka tena, na kwenda na kurudi kulichukua kama nusu sekunde. Mwezi Julai mwaka huo mkongo wa SEACOM ulianza kazi. TEAMS, unaotoka Mombasa hadi Fujairah katika Falme za Kiarabu, ulifika Mombasa mwaka huo huo. EASSy ulifuata mwaka 2010, ukipita pwani kutoka Afrika Kusini hadi Sudan.

Mikongo mitatu ilileta hisia ya njia tatu. Mwezi Februari mwaka 2012 hisia hiyo ilitikiswa. Kwanza mikongo kadhaa, EASSy ukiwemo, ilikatika katika Bahari ya Sham. Mawasiliano yakahamishiwa kwenye njia zilizobaki, TEAMS ikiwa mojawapo. Siku chache baadaye, tarehe 25 Februari, meli ilitia nanga mahali palipokatazwa nje ya bandari ya Mombasa, na TEAMS nao ukakatwa.

Mkasa huo una somo juu ya vipimo pia. Mitiririko ambayo asubuhi ilikuwa na njia mbili, jioni ilikuwa imesukumwa kwenye njia moja. Jibu la jana halikuwa jibu la leo. Kwa sababu hiyo njia za kisasa za kutambua foleni hupima bila kukoma, na huyapanga makundi upya kila hali inapobadilika.

Mwaka 2024 yalijiri makubwa zaidi. Mwezi Februari mikongo mitatu iliharibika katika Bahari ya Sham, ukiwemo mkondo wa Seacom wa upande huo. Maafisa wa Marekani walisema huenda ilikatwa na nanga ya meli Rubymar, iliyokuwa imeshambuliwa na Wahuthi na kuachwa ikielea kabla ya kuzama tarehe 2 Machi.

Kisha Jumapili ya tarehe 12 Mei, EASSy na Seacom zikakatika siku moja, safari hii upande wa kusini. Aliyekuwa Waziri wa Habari wa Tanzania, Nape Nnauye, alieleza kwamba hitilafu ilikuwa kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Watumiaji wa Tanzania, Kenya, Uganda, Malawi na nchi nyingine walijikuta na intaneti dhaifu au hawana kabisa.

Taasisi iliyokuwa imenunua huduma kwenye mikongo yote miwili ilikuwa imetimiza kila lililoandikwa katika mwongozo wa tahadhari. Ilikuwa na mikataba miwili, na wamiliki walikuwa wawili. Sakafu ya bahari ilikuwa moja.

Mtu wa kawaida afanye nini?

Mwenye duka la kutuma fedha, mwenye ofisi ya wakala wa safari au familia yenye jamaa pwani hawahitaji maabara ili kupata jibu la kuwasaidia.

Jambo la kwanza ni kupima laini zote mbili kwa wakati mmoja. Kupima moja asubuhi na nyingine jioni hakuelezi chochote juu ya ushirika wao.

La pili ni kuisukuma moja na kuitazama nyingine. Pakua faili kubwa kwa laini ya kwanza, na wakati huo huo piga simu ya video kwa laini ya pili. Simu ikiyumba kila upakuaji unapoanza na kutulia kila unaposimama, tena mara kadhaa, laini hizo zinabanana mahali fulani.

Mahali hapo si lazima pawe mbali. Mara nyingi mlango mwembamba kuliko yote ni Wi-Fi ya nyumbani kwenyewe, na simu mbili zilizounganishwa kwenye kisanduku kimoja cha sebuleni zina njia moja hata kama zina kampuni mbili. Anayetaka kupima kwa haki aizime Wi-Fi kwenye simu moja na kuitumia kwa mtandao wa simu.

La tatu ni kuiuliza kampuni kabla ya kutia sahihi: waya ni wa nani, unaingia jengoni kwa mtaro upi, na unakwenda kwenye kituo gani? Kwa njia za kimataifa, ni mkongo upi, na ukikatika data itapitishiwa wapi? Kampuni yenye majibu huyatoa. Isiyo na majibu nayo imejibu.

Kipimo kikionyesha kwamba mitiririko miwili inasubiri pamoja, hapo kuna jambo la hakika la kufanyia kazi. Kisipoonyesha, kimesema tu kwamba leo hakuna foleni ya pamoja. Hakikusema kwamba hakuna waya wa pamoja. Anayenunua njia ya pili kwa ajili ya siku ya dhiki anapaswa kupata majibu ya maswali yote mawili, na kuyauliza tena kila mwaka, kwa kuwa njia za data huhamishwa bila wateja kuarifiwa.